Mwaitu, Moshi Umenitoa Mlimani

Mpendwa mwaitu, mama yangu,

Moshi umerudi. Nimeona nikuambie hilo kabla ya mengine, maana ungekuwepo ungeusikia kabla yangu. Umeanzia upande ule ule wa msitu, juu ya shule, na tangu wiki iliyopita hapa Mbooni jua linachomoza jekundu, likifika katikati ya mbingu linakuwa kama kitu kilichofunikwa na nailoni kuukuu. Leo kanisani mchungaji amefupisha mahubiri. Watu walikuwa wanakohoa zaidi kuliko wanavyosema amina.

Nimerudi nyumbani, nimefunga madirisha, nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Wateja wananirudishia sare za watoto, wanasema zinanuka moshi. Nazifua, nazianika ndani, zinanuka tena. Hata sikasiriki. Tangu tukuzike nimekuwa hivi, mwaitu. Mtu ananiambia jambo, nalisikia vizuri, nalijibu vizuri, kisha naona halijanigusa mahali popote.

Lakini ya mwaka jana nayakumbuka yote.

Ile asubuhi ya kwanza ulitoka nje na fagio lako ukasimama uani. Ukasema, "Ukungu wa leo ni mzito." Huku kwetu ukungu si kitu kigeni, nikaendelea kuwasha jiko. Baada ya muda nikakusikia ukisema polepole, kama mtu anayejisahihisha, "Ndinda, ukungu hauna harufu." Nilipotoka, majivu yalikuwa yameanza kudondoka juu ya kilemba chako, madogo madogo, meupe, na wewe ulikuwa unayatazama yakitua mkononi.

Ulifagia majivu asubuhi ile na asubuhi zote zilizofuata. Nilikukataza. Ukaniambia, "Sasa yakae hapa kama wageni?" Ulifagia ukikohoa, ukisimama, ukishika ukuta, ukifagia tena. Kifua chako kilikuwa kibaya tangu zamani, na daktari alikuwa amekupa kile kidude cha kupuliza dawa kooni, ambacho wewe uliita filimbi. "Niletee filimbi yangu nipige wimbo," ulikuwa unasema, ili nisione kwamba unaogopa.

Redio ya Kikamba ilisema watu wakae ndani. Ulicheka sana. Ndani ya nyumba ya mabati ambayo kati ya ukuta na paa mtu anapitisha mkono? Basi tukakaa siku nzima tukiziba. Nilileta gunia la vipande vya vitambaa nilivyokata kwenye sare, nikapanda juu ya meza, wewe ukawa unanipa kimoja kimoja ukichagua rangi. "Kijani weka upande wa barabara, watu waone tuna mapambo." Tulilowanisha leso zako zote tukazitundika mlangoni na madirishani, na zikianza kukauka tunazilowanisha tena. Jiko la kuni tukaliacha, tukapikia kwenye ule mtungi mdogo wa gesi. Tanki tukalifunika kwa turubai kwa sababu majivu yalikuwa yanaingia na maji. Nilikuambia ukae sakafuni, nimesikia moshi huwa juu. Ukakaa juu ya mkeka ukiwa umenyoosha miguu kama msichana, tukala isyo ya jana, mahindi na maharagwe yaliyopoa, tukiongea habari za watu. Sijui kama ni vibaya kusema, lakini siku zile za kwanza zilikuwa nzuri. Tulikuwa hatujakaa pamoja mchana kutwa tangu nikiwa mdogo.

Wanaume na vijana walikuwa wanapanda msituni na matawi mabichi na majembe kuuzima moto. Akina mama wa ushirika waliwapelekea uji. Ulitaka kwenda. Nilipokuzuia ulisema, "Moshi nimeula jikoni miaka yangu yote. Utaniua leo?" Nikaenda kulowanisha leso ya mlangoni.

Halafu ikaja ile alasiri ambayo ulianza kusema neno hukulimaliza. Ulisema, "Ndinda, lete..." ukanyamaza. Nikadhani umesahau unachotaka. Nikakutazama nikaona midomo yako imebadilika rangi na mabega yako yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, na filimbi iko mkononi na haifanyi chochote. Nikampigia kaka Musyoka simu Kitui. Alikuwa juu ya jengo, nilisikia nyundo. Alisema, "Mtoe hapo sasa hivi. Usimwulize." Lakini nilikuuliza. Ulitikisa kichwa. Ukashika mguu wa kitanda kwa mkono mmoja, na ulipopata pumzi kidogo ukasema, "Baba yenu alinileta hapa. Yuko hapo nje. Mimi sitoki."

Baba alikuwa hapo nje kweli, chini ya ile miti ya parachichi. Nilitoka nikaangalia kaburi lake. Halikuonekana vizuri kwa moshi. Nikarudi, nikakufungua vidole kutoka kwenye kitanda kimoja kimoja. Hukunipiga. Ulinitazama tu.

Kyalo wa boda boda alikuja hadi mlangoni. Tulikuketisha katikati, mimi nyuma nimekukumbatia, leso mbichi usoni kwako. Ile barabara ya kushuka unaijua, mawe na kona. Kyalo alikuwa anawasha taa mchana, na bado alikuwa haoni mbele, akawa anapiga honi kila kona. Nilikuwa nimeweka kiganja mgongoni pako. Nilikuwa nauhisi mgongo ukifanya kazi. Kila tuliposhuka kidogo nilidhani hewa imekuwa afadhali, nikikuuliza, ulikuwa hujibu. Tulipofika chini kabisa, karibu na Kalamba, ulitoa leso usoni mwenyewe ukasema, "Huyu kijana anaendesha vibaya." Kyalo alisimamisha pikipiki akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nilishindwa kucheka, lakini sitasahau.

Pale kwenye kituo cha afya walikuwekea hewa ya mtungi. Ulilazwa, ukapata nafuu, na moto ulipozimika ukaanza kugombana na kila mtu. Ukasema huku chini ni joto kama ndani ya chungu. Chai yao ni maji. Nani anafagia kwangu? Musyoka alikuja kukuomba uende kwake Kitui ukae mpaka kifua kipone. Ulimsikiliza vizuri, ukamwombea, ukapanda gari ukarudi mlimani. Mimi nilifuata nyuma na kikapu chako.

Mvua zilinyesha. Hewa ikawa safi, mlima ukawa kijani, hata pale palipoungua paliota nyasi. Watu wakasema, sasa Mama Musyoka atapona. Hukupona. Ulikuwa unasimama kupumzika kutoka kitandani mpaka mlangoni. Siku uliyoondoka ilikuwa mchana, wanunuzi wa parachichi wapo uani na kreti zao, nami niko nao nachagua zilizokomaa. Niliingia kukuletea chai. Ulikuwa umegeukia dirisha. Niliweka kikombe mezani nikatoka nje nikamaliza kreti niliyokuwa nimeianza, ndipo nikawaambia watu.

Mazishini akina mama walinishika wakaniambia, "Lia, Ndinda, usipolia utaugua." Nilitaka kuwasaidia, walikuwa wamechoka kuningoja. Lakini hakuna kilichotoka. Nikaenda kuangalia kama wali umeiva.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike.

Safari hii nimeziba nyumba peke yangu. Nimelowanisha leso, nimefunika tanki, nimekaa sakafuni. Nafanya yote kwa mpangilio, kama mtu anayeshona pindo. Ijumaa nilianza kukohoa nikashindwa kuacha, Kyalo akanipeleka kituo kile kile cha afya. Daktari ni yule yule kijana mwembamba aliyekuwekea hewa. Alinisikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Mama yako alianza hivi?" Nikamwambia sijui alivyoanza, nilimkuta hivyo. Akasema, "Kifua chako kinaelekea huko. Moshi wa mwaka jana umekiumiza na huu unaendelea. Mimi sina dawa ya kukuwezesha kuishi juu kule kila kiangazi."

Nikasema sawa. Akanitazama kama amesahau kusema kitu, akarudia yote tena, polepole. Nikasema sawa tena.

Musyoka aliponipigia alitaka kubishana, alikuwa amejiandaa. Nilipomwambia nitahama akasema, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Nafikiri alikuwa amekuzoea wewe.

Kwa hiyo ninashuka, mwaitu. Nimepata vyumba viwili Kalamba, karibu na soko, kwa mama mmoja mjane anayeitwa Mama Nthenya. Nitabeba cherehani, kitanda na kuku. Mbuzi nimemwachia Kyalo, yeye na mke wake ndio watakaofagia makaburi yenu na kuangalia miti. Wewe ungekataa, najua. Ungeshika kitanda. Nimekaa nikitafuta ndani yangu mahali pa kushika, sijapaona. Sijui kama huko ni kukusaliti au ni kuchoka. Najua tu kwamba nataka kupumua.

Jana nilikwenda kuviona vyumba. Mama Nthenya alinifungulia, akafungua dirisha, akaniacha peke yangu. Kulikuwa na jua na vumbi na mtu anapigilia mabati jirani. Nilivuta pumzi, ikaingia, ikaendelea kuingia mpaka chini, na sikukohoa. Nikasimama hapo nikingojea machozi, nikasema sasa yatakuja, hapa hakuna mtu. Hayakuja. Nilichosikia ni njaa. Njaa kali, ya mtu aliyetoka shambani, ambayo sijaisikia tangu mvua zile. Nikatoka nikamwambia mwenye nyumba, kwa aibu, kwamba nina njaa. Hakuniuliza kitu. Alinipakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, kwenye sahani kubwa, nikala nimesimama mlangoni kwake, akaniongeza, nikaketi.

Baki vizuri na baba.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Ndinda