Kwa Baba, Aliyetaka Nipaze Sauti

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu siku ile nilichelewa. Ulikata roho mchana nikiwa darasani, na salamu yangu ya kila siku nilirudi nayo mdomoni, nikakuta nyumba imejaa watu na hakuna wa kuipokea. Nimekaa na jambo hilo tangu hapo. Nataka nikusimulie ilivyokuwa ulipotolewa nyumbani, maana ulikuwepo, lakini sijui kama ulisikia.

Sikio lako la kushoto ulilirudisha kutoka vitani Bama likiwa halina kazi tena. Mzinga, ulisema, na hukuongeza neno. La kulia nalo likawa linapungua mwaka hadi mwaka, mpaka polisi, uliowatumikia baada ya vita, wakakupumzisha ukiwa bado unaweza kupanda baiskeli bila kushika usukani. Mimi nilizaliwa na sauti ya kunong'ona. Mama husema hata utotoni nilikuwa nikilia kwa adabu. Basi Mungu akatukutanisha, baba asiyesikia na mtoto asiyesikika. Wewe hukuhuzunika. Uliniwekea kigoda upande wa kulia wa kiti chako barazani, ukaniita karani wako, ukaniambia nisome.

Nilikusomea kila kitu: gazeti, kitabu cha jiografia, hata karatasi iliyofungia sukari. Nikishusha sauti tu, ulikuwa ukisema, "Karani, huko nyuma hawajasikia." Nyuma wapi, nami nilikuwa nakuona wewe peke yako? Lakini ulikuwa sajini, na kwako daima kulikuwa na mstari wa nyuma. Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili alilalamika kwamba yeye asiyejua hata alifu amefikishwa darasa la nane kwa lazima. Ukamjibu ajiandae, mtihani u karibu.

Siku moja katika jiografia nilifika kwenye mto mmoja wa huko Bama. Nikalisoma jina lake kwa sauti kubwa, nikifurahi kwamba sikukosea. Ukainua mkono. Ulitazama njia, ambako hakukuwa na kitu ila kuku wa jirani, kisha ukasema, "Huo naujua. Ruka ukurasa." Nikaruka. Mpaka leo sijaurudia ukurasa huo, na mwalimu akiniuliza juu ya mto ule nitakosa, na iwe hivyo.

Sare yangu ya shule hukumwachia mtu. Ulichemsha uwanga wa muhogo, ukapuliza makaa ya pasi, ukanyoosha mpaka marinda yakasimama kama askari kwenye gwaride. Wenzangu walinicheka, wakasema nikikaa nitavunjika. Mimi nilikuwa nikikaa kwa uangalifu siku nzima ili nikurudishie marinda yako yakiwa mazima. Hilo sikukuambia kamwe.

Halafu kulikuwa na Mzee Maganga na baiskeli yake ya mkaa. Yeye Mnyamwezi na wewe Mzigua, watani tangu enzi za babu zenu waliobeba mizigo pamoja, na kila gunia alilolishusha mtaani kwetu Ngamiani lilishuka na matusi yake. Ulikuwa ukimwambia mkaa wake ni udongo uliopakwa masizi. Naye alikuwa akikuambia kwamba Wazigua hamna cha kupika, mkaa mnautaka kwa kuringia wageni. Mara nyingi aliitazama kofia yako ya polisi iliyotundikwa ukutani, akasema wewe utatangulia kufa na yeye ataivaa. Ukamjibu itampwaya, kichwa chake ni ndimu. Mlicheka mpaka mama akawaletea kahawa. Mimi nilikuwa nikiona vibaya. Niliona si mzaha wa watu wazima.

Asubuhi ya siku yako ya mwisho kifua kilikuwa kimekubana, lakini ulikunywa uji ukaukomba. Nilitaka kubaki. Ukaniambia askari haachi lindo kwa kikohozi cha mwenzake, niende. Nikaenda. Darasani nilikuwa nimeshatunga sentensi ya kukuchekesha nikishakusalimu, maana kila siku nilisimama pale mlangoni nikapiga kelele, "Baba, nimerudi! Shikamoo!" Na wewe ulikuwa ukiitikia marahaba kwa sauti kubwa kuliko yangu, ukidhani, kama wadhanivyo wasiosikia, kwamba wote hatusikii.

Kesho yake asubuhi jeneza lilikuwa ukumbini. Wanaume walisimama nje, tayari kulibeba. Wanawake tulikuwa ndani, na sisi hatuendi makaburini, kwa hiyo mlango ule ndio uliokuwa mwisho wangu na wewe. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimebanwa kati ya shangazi na ukuta, na sauti yangu haikuwepo kabisa, hata ya kulia.

Ndipo Mzee Maganga akaingia amevaa kofia yako. Ilimpwaya kweli, ikamfika kwenye nyusi. Akaburuta kiti chako mpaka kizingitini, akakaa, akaziba njia. Akanyoosha mgongo kama wewe, akaweka kiganja nyuma ya sikio la kulia kama wewe. Wanaume wakamwomba apishe, jua linapanda. Akawajibu kwa sauti yako, baba, sauti yako hasa, kwamba wanamnong'onea kama panya kwenye gunia. Watu wakacheka. Mama alicheka huku machozi yakimtiririka, na hilo liliniogopesha kuliko kilio. Shehe alitazama chini, akamwachia. Mtani ana haki yake msibani.

Nilifikiri atadai kitu, kama watani wadaivyo. Hakudai. Akasema, "Sitoki nyumbani kwangu. Karani yuko wapi? Mbona leo sijasikia karudi?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akanisukuma taratibu mgongoni, akasema, "Mjibu, mwanangu. Mtani hakasirikiwi."

Nikasogea mpaka kando ya jeneza. Nikasema, lakini hata mimi sikujisikia. Mzee Maganga akatikisa kichwa. Nikasema tena.

"Huko nyuma hawajasikia," akasema.

Basi nikapiga kelele. Nilipiga kelele kama ilivyokuwa kila siku, na zaidi, mpaka wa nje ya uzio wakasikia. "Baba, nimerudi! Shikamoo!"

Nilisubiri. Sote tulisubiri, nadhani. Mzee Maganga alikuwa amefungua mdomo, halafu akaufunga. Akavua kofia yako, akaiweka mapajani, na aliposema ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya uzee na mkaa. "Hiyo si yangu kuitikia, binti." Akainuka, akaondoa kiti njiani. Wakakubeba.

Sasa mama yuko ndani, amekaa eda. Shuleni nimerudi kuwa yule yule. Mwalimu anasema anaona midomo yangu inacheza tu. Lakini juzi alasiri mama aliniita chumbani, akasema nyumba imemwelemea, nimsomee chochote. Nikakaa mkekani karibu naye, nikaanza. Mama akashtuka. "Mwanangu, mimi si kiziwi."

Nikaomba radhi, nikashusha sauti. Baba, sikuweza. Sijui kusoma kwa sauti ndogo, hukunifundisha. Maneno yalitambaa, nikakosea, nikarudia mstari, nikakwama. Nikataka kufunga kitabu.

Mama alikuwa ameegemea ukuta, uso kaugeuzia dirishani. Kisha akasema, "Soma kama ulivyokuwa ukimsomea yeye."

Nikasoma hivyo mpaka adhana ya magharibi. Mama alikuwa akilia. Sikunyamaza.

Mungu akulaze panapo utulivu, baba, pasipo mizinga. Salamu yangu uliipata au hukuipata, sidai jawabu.

Ni mimi binti yako,
Karani