Jina la Mwajiri

Jumatatu, 6 Oktoba 1952
Miaka kumi na saba tangu tuhamishwe kutoka Geita. Nimefua majembe manne kabla ya saa nne. Mvua inakaribia, wakulima wana haraka. Karani wa soko amegawa fomu: kila fundi aandike jina la mwajiri wake. Asiye na mwajiri aondoe kibanda ifikapo Ijumaa. Nimeandika jina langu.

Jumanne, 7 Oktoba
Fomu imerudishwa. Karani aliniamkia kwanza, shikamoo yake ya adabu, kisha akanitukana bila kujua. "Babu, mtu hajiajiri. Ni sawa na kujioa." Soko zima likacheka. Mama Kabula, mfinyanzi wa kibanda jirani, akamwuliza: "Na mimi nimwandike nani? Mume wangu? Si ndiye ninayemlisha!" Kicheko kikamgeukia karani.
Mimi sikucheka. Nimelisoma tangazo lililokuja na fomu mara tatu, neno kwa neno. Vibarua wamo, makarani wamo, hata wapishi. Anayeishi kwa ufundi wake anaitwa "asiye na kazi". Mimi! Jembe gani la hapa halijapita kwenye moto wangu?

Alhamisi, 9 Oktoba
Karani amenitafutia mwajiri. Anadhani amenisaidia. Mgodi mmoja wa dhahabu huko Geita unataka wahunzi wa kunoa vyuma vya kutobolea mwamba. Nyumba, posho, mshahara. Nikauliza uko kilima gani. Akasoma jina. Nikainamia moto asinione uso.
Kilima chetu. Pale baba aliyeyusha chuma, na babu kabla yake. Tukaambiwa tuondoke, kilima kimepata mwenyewe. Nilibeba fuawe, chuma ambacho baba alifulia juu yake, marehemu mke wangu akabeba mivukuto ya kupulizia moto. Leo wananiita nikawanolee vyuma vya kukichimbia. Nimejigonga kidole kwa nyundo, mara ya kwanza tangu ujana. Hasira.

Ijumaa, 10 Oktoba
Fomu ya pili. Kwenye jina la mwajiri nimeandika: Wakulima. "Wakulima gani, babu?" Wote, nikamwambia. Saa nane askari wa soko wameng'oa nguzo za kibanda.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mama Kabula amenipa pembe ya ua wake, nje ya mpaka wa mji. Fuawe imekaa sawasawa. Mzee mmoja Msukuma amenifuata kwa miguu, mkononi jembe nililomfulia mwaka wangu wa kwanza hapa. Ardhi imelila hadi limebaki kama kijiko. Nimeliongezea chuma. Hakuniuliza nimeajiriwa na nani.
Sitarudi Geita.