Pima Sita za Baba

Baba yangu mpenzi,

Nimeshindwa kungoja. Nimerudi kutoka Kitaya jana, vumbi bado liko kwenye viatu, na mezani kuna gauni la harusi la watu ambalo halijatiwa hata kifungo, lakini lazima nikwambie wewe kwanza: wameitika! Tumeita kutoka uani kwa Shangazi Somoe, kwa waya nilioufunga mwenyewe, na mtu ameitika, na dada yako amesikia kwa masikio yake mawili!

Unakumbuka ile mara yetu ya kwanza kule, tena ikawa ya mwisho? Ulipata likizo bandarini, ukaiweka redio yako ya kuitia watu kwenye mfuko wa mchele ili isipate vumbi, nami nikabeba betri huku nikilalamika njia nzima. Ulikuwa na furaha ya mtoto siku ya Idi. Tulipofika hukunywa hata maji. Ulitoa mshipi wa kuvulia wenye chubwi zito nchani, ukaurusha juu ya mkorosho wa jirani ili uvute waya kupitia matawi, na chubwi likashuka na korosho tatu. Nakucheka hadi leo. Jirani alitoka mbio na nduguze, wakidhani wameingiliwa na mwizi.

"Korosho haitunguliwi!" alikufokea. "Inaanguka yenyewe, ndiyo inaokotwa. Wewe mzaliwa wa hapa umeshasahau?"

Uliomba radhi mpaka nikakuonea huruma. Waya tukaufunga chini, usawa wa kamba ya kuanikia nguo, ukakaa kwenye kigoda ukaita. Ukaita, ukaita. Redio ikajibu kwa mlio wa kukaanga mafuta tu. Shangazi alikuwa mlangoni anamenya mihogo, akashindwa kuvumilia.

"Hamisi mdogo wangu, mtu mzima unaongea peke yako mbele za watu?"

"Wapo, dada. Ni waya tu umekaa chini."

"Kama wapo, si uwapigie simu?"

"Simu unampigia unayemjua. Hapa namwita nisiyemjua, naye anaitika."

"Mbona haitiki?"

Ulicheka na sisi, lakini nilikuona, Baba. Njiani kurudi, tulipopita Mahurunga, ulisema, "Siku moja atasikia." Kila mwaka ulisema tutarudi. Kisha ukaugua, na Shangazi alipokuja kwenye msiba wako alikaa pembeni ya redio yako iliyofunikwa kitambaa, akaniuliza polepole, "Hivi mwanangu, kweli walikuwapo watu mle ndani?" Nilimwambia walikuwapo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia mgonjwa. Swali hilo liliniuma, likanifanya nikasome, nikafanya mtihani, nikapata leseni yangu ya redio. Ndiyo, binti yako fundi cherehani ana leseni!

Waya wako wa zamani ulikuwa umeliwa na chumvi ya bahari, ukiushika unakatika. Nikaenda sokoni Chikongola, hapa Mtwara, nikanunua waya wa taa wa nyuzi mbili, nikauchana katikati kama ulivyonifundisha. Vipande vya dumu la mafuta nikavitoboa: kimoja cha kati, panapoungana nyuzi mbili na waya mnene unaokwenda redioni, na viwili vya ncha, ili kamba isigusane na shaba. Urefu nilikuwa nao kichwani tangu utoto: pima sita kila upande. Nikainyoosha mikono sebuleni, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, huku naimba. Nilijiona nimekuwa wewe.

Kitaya nilianza kwa jirani. Nilimsalimia, nikamweleza, nikamwahidi mikorosho yake haitaguswa hata jani. Akacheka alipokumbuka, akanipa mianzi miwili mirefu. Tukaiunga, tukaisimamisha uani kwa Shangazi, waya ukashuka pande mbili kama paa la nyumba. Ulipendeza, Baba! Nikawasha redio, nikabonyeza kitufe, na mshale wa kile kipimo chako ukaruka mpaka mwisho. Yaani nguvu yote ilikuwa inanirudia badala ya kwenda hewani. Nikakaza nyaya. Nikafuta shaba. Nikahamisha ncha. Mshale ule ule. Nikavunjika moyo, nikaona sasa nitamthibitishia Shangazi kwamba kweli ulikuwa unaongea peke yako.

Shangazi akaja na sahani ya mihogo. "Umepimaje?"

"Pima sita, kama Baba."

"Pima za nani?"

"Zangu."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Wee! Kwa mikono hiyo ungepima kanga ya mtoto. Pima za Hamisi ni hizi hapa." Akaifungua mikono yake.

Mimi, ninayeshinda na futi shingoni! Futi ile ile ilikuwa shingoni saa ile! Lakini nilipomwona amesimama pale mikono wazi, mirefu, viwiko vimepinda kidogo kama vyako, sikuitaka tena futi. Niliushusha waya, akaunyoosha yeye, pima kwa pima, na kila upande ukaonekana umepungua zaidi ya hatua moja ndefu. Tukaunga kipande. Tukapandisha. Nikabonyeza, mshale ukalala chini kabisa. Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Nikaita. Nikataja namba yangu ya leseni, nikasema niko Kitaya, kando ya mto Ruvuma, kuna anayenisikia? Nikaachia kitufe.

"Kitaya, nakusikia vizuri. Hapa ni Tanga."

Sauti ya mzee, safi, kama yuko jikoni. Nilisahau hata jina langu. Nikamwambia mimi ni binti wa Hamisi wa Mtwara, fundi umeme wa bandarini, ambaye ametangulia mbele ya haki. Kisha akasema, "Inna lillahi. Nimemwita miezi na miezi. Kila Jumapili tulikuwa tunazungumza." Halafu akauliza, "Umesema Kitaya? Uko kwa dada yake? Yule aliyemwambia anaongea peke yake?"

Shangazi alikuwa amerudi kumenya mihogo; kisu kilimdondoka.

Nikampa kipaza sauti, nikamwonyesha abonyeze wapi. Nilidhani atamjibu yule mzee. Alikishika kwa mikono yote miwili, akakibonyeza kwa nguvu, akasema, "Hamisi. Mdogo wangu. Nimesikia, walikuwapo."

Hakukiachia kitufe. Aliendelea kuzungumza na wewe, mambo yenu ya utotoni, na kilio kikiwa katikati, na yote yalikwenda hewani. Sikumgusa mkono.

Nimekukumbuka sana, Baba, lakini leo nakukumbuka kwa kucheka. Mianzi tumeiacha imesimama. Shangazi ameniambia nisiishushe, na ameuliza Jumapili nitafika saa ngapi, maana mzee wa Tanga anamngojea.

Pumzika kwa amani.

Binti yako, mwenye mikono mifupi