Walisema Shoka ni Silaha ya Wakimbizi

Alhamisi, Bangwe. Mvua imenyesha tangu asubuhi na ziwa limekuwa la kijivu. Nimerudi kazini na hasira ambayo hata chai haikuituliza.

Mimi ni mkalimani mahakamani. Kirundi, Kiha, Kiswahili: kutwa nasema maneno ya watu wengine. Yangu huwa nayameza.

Leo yamekataa kumezeka.

Kesi ilikuwa ya Nestori, fundi seremala kutoka Burundi anayeishi kambini. Mwaka jana mwanamume mmoja wa kijiji jirani na kambi aliuawa kwa shoka. Kesho yake Nestori akakutwa porini akikata kuni. Mgambo walimfunga kamba papo hapo. Shoka lake lilikuwa na utomvu wa mti tu, lakini nani alijali? Amekaa mahabusu tangu siku ile.

Asubuhi wakili wa mashitaka, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Dar, aliliinua lile shoka akasema, "Mheshimiwa Jaji, hii ndiyo silaha ya jadi ya hawa wakimbizi."

Nikalazimika kumtafsiria Nestori maneno hayo, tukitazamana.

Silaha ya jadi. Watu wameuana kwa shoka tangu lilipokuwa jiwe lililofungwa kwenye mpini. Wahunzi wa Uha walifua mashoka kabla mpaka wetu na Burundi haujachorwa. Ulaya wafalme walikatwa vichwa kwa shoka mbele ya umati, na ikaitwa sheria. Na hapa kwetu? Katika chumba kile kile nimetafsiri kesi za ndugu waliouana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nimetafsiri ya bibi aliyekatwa akiwa jikoni kwake kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu, wakamwita mchawi. Wauaji walikuwa raia, wenye majina kama ya majirani zangu. Sikusikia wakili akisema hiyo ni silaha ya jadi ya Watanzania.

Shoka huua kwa sababu lipo katika kila nyumba, na mwenye hasira hana muda wa kwenda dukani. Basi.

Babu yangu alivuka ziwa kutoka Kongo na shoka la kuchongea mitumbwi. Ndilo lililomlisha, likamsomesha baba yangu. Leo angekutwa nalo njiani, angeitwa nani?

Mchana aliitwa mjane wa marehemu, mama mtu mzima anayesema Kiha tu. Akaonyeshwa shoka. Alilitazama, akatikisa kichwa.

"Hili silijui," alisema. "Lililomuua mume wangu lilikuwa letu. Shemeji yangu alilichukua nyuma ya mlango, nikimwona kwa macho yangu."

Jaji akamuuliza mbona hakusema mapema.

"Niliwaambia mgambo. Wakaniambia msiba umenichanganya akili."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mjane akaongeza kwamba huyo shemeji alihama kijiji baada ya matanga, na hakuna aliyemfuata, kwa kuwa muuaji alikwisha kupatikana.

Baada ya mapumziko wakili alisimama, bila kumtazama mtu, akaomba kuliondoa shitaka. Radhi hakuomba. Jaji akamwachia Nestori, akaagiza shemeji atafutwe.

Nje barazani mjane alimwendea Nestori, akamshika mikono yote miwili. Walilia. Kisha Nestori akanigeukia. Nilidhani ataniuliza habari za usafiri.

"Dada, twende kambini ukawaambie kwamba sikuua," alisema. "Mke wangu wanamwita mke wa muuaji. Wewe ni Mtanzania. Watakuamini."

Hilo limenichoma kuliko yote ya leo. Jaji mwenyewe amemwachia, na bado anaona lazima aazime mdomo wangu.

Nimekubali. Kesho sina kesi. Nitasimama mlangoni kwake niseme kwa Kirundi, kwa sauti, mpaka majirani wote wasikie.

Lakini ataishi kwa kuazima midomo ya watu mpaka lini?