Moto wa Nyakayenzi

Makere, Kasulu
11 Juni 1973

Binti yangu Kezia,

Mimi baba yako Bazilio Ndihokubwayo nina miaka sabini na miwili. Nimeuona mwisho wa nzige, wa njaa, wa Wajerumani, na wa Waingereza waliotuhamisha kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Nimezika wake wawili na chui mmoja. Mapadri wawili walinipaka mafuta ya mwisho wakidhani naondoka, wakaondoka wao. Kwa hiyo usinipe pole ya mguu. Mguu upo.

Hamjambo huko Kibondo? Mjukuu wangu Reverien ananyonya vizuri? Mama mkwe wako Rosa anaendeleaje na miguu yake? Mimi ni mzima, nyuki ni wazima.

Hilali mwenye duka la Kasulu mjini amenifikishia maneno yako. Amesema Warundi waliokimbia mwaka jana wanaandikishwa wote, wanapakiwa kwenye malori wapelekwe makazi ya mbali kule Mpanda. Na kwamba huyo mume wako Havyarimana na mama yake wamejificha migombani. Migombani! Mbuzi atajificha migombani, siyo mwanamume mrefu vile.

Waleteni kwangu. Makere nitasema ni watoto wa dada yangu, nani atanibishia? Lakini msipite barabara ya malori, kuna kizuizi. Piteni msituni. Huo wanaouita msitu wa serikali ulikuwa uwanja wa babu yako kabla ya malale. Tulihamishwa, miti ikaota jikoni kwetu. Kwa hiyo kulala humo ni bure, hakuna mwenye nyumba wala wa kukudai.

Sasa sikiliza, maana hakuna mtu Buha nzima anayejua haya kama mimi. Usilale bondeni kwenye maji, nyati hunywa hapo na ukungu utamuua Rosa. Panda kidogo. Tafuta minyaa iliyosimama kwenye mstari. Mnyaa hauoti kwa mstari wenyewe, hapo palikuwa ua wa mtu. Tazama juu, usilale chini ya mti mkavu. Kisha tafuta mafiga. Sisi warina asali tukiondoka kambini tunafukia kaa la moto kwenye majivu, na kuni tunaziacha kwa atakayefuata. Ukikuta moto umefukiwa, jua mwenzako alikuwepo na pako salama.

Kambi ya kwanza ni Kumuhama, ya pili Ruhuru, ya tatu Nyakayenzi. Kutoka Nyakayenzi mtamsikia mbwa wangu akibweka.

Ni mimi baba yako,
Bazilio Ndihokubwayo, muuaji wa chui


Kibondo
20 Juni 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na chumvi ya Hilali, imelowa pembeni lakini inasomeka. Sisi hatujambo, ila Reverien ana mafua, na mama mkwe miguu imevimba tena. Anakusalimu sana. Anasema kama wewe ulimuua chui kweli, mbona ngozi hujamwonyesha mtu yeyote?

Baba, naogopa. Jana wamechukua familia mbili za jirani. Waliambiwa wabebe masufuria tu. Havyarimana anasema hapandi lori. Mwaka jana, kwao, baba yake na kaka zake walipandishwa lori wakaambiwa wanakwenda kuulizwa maswali. Hawakurudi. Nikimwambia haya malori ya hapa ni mengine, yanakwenda kwenye mashamba, anarudi migombani. Usiku hasinzii. Ndiyo maana nimekubali tuje.

Nina maswali. Bwana msitu akitukuta tuseme nini? Moto tuwashe au tusiwashe? Na mama akishindwa kutembea? Havyarimana anasema atambeba. Mama anamjibu, "Mimi siyo gunia la maharage, niulizwe kwanza." Tumecheka kidogo.

Tunaondoka baada ya Jumapili ijayo.

Binti yako,
Kezia


Makere
25 Juni 1973

Kezia mwanangu,

Salamu nyingi. Mafua ya mtoto mpake asali, siyo dawa za dukani. Mwambie Rosa ngozi ya chui ililiwa na mchwa, na akifika nitamwonyesha kovu, ajifunze heshima.

Bwana msitu akiwakuta mseme ninyi ni watu wa Bazilio wa nyuki. Basi. Ananijua, nilimfundisha kutofautisha mninga na myombo. Moto washeni wa kupikia, muuzime kwa udongo. Mama akichoka, laleni mchana kutwa. Msitu hauna saa ya kufunga mlango.

Nimeongea na Venanti, yule muuza dagaa mwenye baiskeli. Siku mtakapofika Ruhuru atawakuta hapo, maana Ruhuru iko karibu na njia yake. Atawaletea unga na neno langu. Yeye si mtu wa nyuki, msimuulize habari za msitu, atawapoteza. Lisomeni neno langu.

Ni mimi baba yako,
Bazilio, asiyepotea


Makere, asubuhi
5 Julai 1973

Kezia,

Venanti anafika kwenu leo hii. Unga huo na dagaa. Rosa apumzike. Nyakayenzi moto ejo. Nawasubiri.

Baba


Kabanga, wodi ya wanawake
14 Agosti 1973

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu wako haujambo. Mimi vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kukunjuka, ndiyo maana naandika sasa na siyo kabla. Reverien ni mzima, ngozi yake haikuguswa. Uwimana, mama wa kitanda cha jirani, ananibebea.

Ulipokuja hapa niligeukia ukutani. Sikuwa nimelala. Nilikusikia ukimwambia Uwimana kwamba katika maisha yako hujawahi kupoteza mtu msituni. Sasa nakujibu.

Venanti alitukabidhi karatasi yako na unga pale Ruhuru, akaondoka kwa wateja wake. Nilisoma kwa sauti: Nyakayenzi moto ejo. Havyarimana akaniuliza, "Ejo ipi? Ya nyuma au ya mbele?" Nyumbani kwao ni kama kwetu, neno ni moja, jana na kesho vimelala kitanda kimoja. Nikamwambia, "Ya nyuma. Baba alikuwa Nyakayenzi jana, ametuwashia, ameufukia moto kwenye mafiga kama alivyotuandikia." Mama mkwe akasema, "Basi twende tukalale kwenye moto wa huyo mwongo wa chui." Tukaenda.

Tulipofika tulikuta mafiga, majivu na kuni zimepangwa. Nikaingiza kijiti, kaa likawaka. Nikasema mnaona? Nilijivuna, Baba. Nilijivunia wewe.

Kesho yake mama hakuweza kusimama, miguu ilikuwa kama mihogo. Tukasema tupumzike. Mchana nilimfunga Reverien mgongoni nikashuka kuchota maji. Nikiwa bondeni nilisikia watu wanaimba upande wa pili wa kilima. Nikaisikia sauti yako. Ulikuwa unawasimulia wenzako habari ya chui, nao wanacheka. Nilifurahi. Niliweka ndoo chini ili nikuite.

Halafu upepo ukageuka nikaona moshi.

Zile nyasi zilikuwa ndefu kuliko mtu, unazijua. Nilimweka mtoto kwenye maji kati ya mawe nikapanda. Nilimwona Havyarimana. Alikuwa amembeba mama yake mgongoni. Mama alikuwa anampiga ngumi begani, anapiga kelele, "Nishushe! Nishushe, mjinga we!" Hakumshusha. Niliwafuata motoni hadi mikono yangu ilipokataa.

Niambie ulitaka kusema nini ulipoandika ejo.

Kezia


Makere
27 Agosti 1973

Binti yangu,

Nakusalimu, na mjukuu wangu, na huyo Uwimana. Sisi huku tupo.

Umeuliza, nakujibu. Ejo niliyoandika ni ya mbele. Mtoto mdogo angejua. Kila mwaka mwezi wa saba warina asali tunachoma nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa mwezi wa tisa usipande kwenye mizinga. Nilikuwa nawaambia msiende Nyakayenzi, mkae Ruhuru, Rosa apumzike. Yote niliyaandika. Soma tena karatasi, utayaona.

Watu wa Buha wamesema ejo ya nyuma na ejo ya mbele wakaelewana tangu kale. Shule ndiyo imekuharibu. Zile jana na kesho za Kiswahili hunichanganya mimi. Nikishika kalamu sijui ipi ni ipi. Ndiyo sababu niliandika neno la nyumbani, ili nisikosee.

Na yale makaa ni ya Bazilio, ndiyo. Tulilala pale usiku wa kuamkia siku ya karatasi, tukitazama upepo. Upepo niliupima mwenyewe. Sijawahi kukosea upepo.

Wale wawili nimewazika pale pale kwenye minyaa, wameelekea kwao. Kaburi nilichimba mimi, sikumwachia kijana yeyote jembe.

Mkono ukipona, Hilali atakuleta kwa lori. Chumba nimekipaka udongo.

Baba yako,
Bazilio


Kabanga
9 Septemba 1973

Baba,

Shikamoo. Mkono umepona kiasi cha kubeba mtoto. Asante kwa kuwazika.

Nimesoma tena karatasi, kama ulivyosema. Nimeisoma sana. Hakuna mahali palipoandikwa msiende.

Sitakuja Makere. Nimejiandikisha kwenda makazi ya Mpanda. Karani aliniuliza, "Wewe ni Muha wa Kasulu, unakwenda kutafuta nini kwa wakimbizi?" Nikamwambia mume wangu ni Mrundi. Akauliza yuko wapi. Nikasema ametangulia. Akaandika.

Havyarimana aliniuliza ejo ipi, na mimi ndiye niliyemjibu. Hilo ni langu, sikuandikii wewe ulibebe. Lakini nikija kwako nitakula asali yako kila siku na utanisimulia habari ya chui, nami nitakuwa nasikia ile ndoo nikiiweka chini.

Lori linaondoka kesho. Nimeandika kesho, Baba.

Mama Reverien


Nyakayenzi
18 Agosti 1974

Mama Reverien, binti yangu,

Nakusalimu popote barua hii itakapokukuta. Zile nyingine nilizompa Hilali anasema zilifika makazini, maana hazikurudi. Mtoto anatembea sasa. Nimehesabu, lazima anatembea. Mzuie asicheze karibu na mafiga.

Tazama juu nimeandika wapi. Makere nimehama. Walikuja watu wa vijiji vya ujamaa wakasema kila mtu asogee barabarani, nyumba zipangwe mstari. Nikawaambia nimeshahamishwa mara moja na Waingereza, mara ya pili nahama mwenyewe. Nikachukua sufuria na panga nikaja hapa, kwenye minyaa. Nalala hatua chache kutoka kaburini kwao. Mguu umevimba, Rosa angecheka.

Kazi yangu ni nyasi. Kuanzia mvua zilipokatika nafyeka. Nimezunguka kilima chote, nimeacha udongo mtupu upana wa barabara ya malori, moto usiweze kuvuka. Wenzangu wa mizinga walikuja mwezi wa saba na vienge vyao vya moto. Nikasimama njiani. Wakaniambia, "Mzee, mizinga yako itaungua." Nikawaambia iungue. Iliungua mwezi huu, yote, hata ile ya baba yangu. Kwa sababu upande ule wa mizinga sikuufyeka, nilikuwa mtu mmoja.

Upepo wa siku ile nimeufikiria. Nakaa hapa mchana naupima kwa majivu, siku baada ya siku. Huwa unageuka, Kezia. Saa ya jua la utosini unageuka kila siku, na mimi nimekaa msitu huu miaka yote sikulijua hilo.

Sikuiti hapa. Nakuarifu tu, kwamba mwaka huu Nyakayenzi haikuungua. Najua maneno yangu huyapokei tena, kwa hiyo usinisadiki mimi, waulize watu. Muulize Venanti, ananiletea dagaa na kunitukana, anasema nimezeeka akili. Muulize Hilali, ndiye aliyeniuzia panga, na hii barua nimemsomea akanisahihisha jana na kesho. Na muulize bwana msitu mpya, Gharibu jina lake. Huyo alinikuta nafyeka, akaniuliza nalala hapa kwa ruhusa ya nani. Nilimwonyesha kaburi. Alivua kofia, akashika panga langu akafyeka hadi jua likazama.

Baba