Taa Yako Haijafika Lisekese

Kaka Swalehe, shikamoo.

Mikorosho imetoa maua, na mbuzi wako amezaa mapacha. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Mama anakataa kwenda hospitali ya Ndanda kupasuliwa uvimbe wa titi. Kosa ni langu. Nilimsimulia zile chembe zako za maabara zinazong'aa ndani ya seli za saratani, na sasa anasema hakatwi na mtu mpaka mwanawe aje ammulike. Nilipomwambia bado mnazijaribu kwenye vichupa tu, alisema nakuonea wivu. Uvimbe umefunguka kuwa kidonda, kaka, kinanuka. Mpigie umwambie mwenyewe kwamba taa yako haijafika kwa watu. Kila asubuhi namfungia khanga zake za safari. Kila jioni nazifungua.

Mdogo wako,
Stamili