Mtapo wa Kisimani Umezaa Tena

Vitongoji, Pemba
12 Mfungo Nne 1363 (Januari 1944)

Mpendwa mjukuu wangu Mwatum,

Asalaam aleikum. Salamu nimekupa kwa kuwa ni wajibu, lakini hukuzistahili. Misimu minne ya karafuu imepita nawe umekaa huko Tanga, utadhani kati yetu pana Makka. Watu wamekwenda kuhiji wakarudi, mke mwenzangu, wewe kuvuka kijibahari hiki kumekushinda! Ukija na haya usoni nitakusamehe. Ukija bila haya nitakufinya.

Haya, u hali gani? Miguu imeacha kuvimba? Na watoto wako wanne, hasa yule wa mwisho ambaye hata jina lake nimelisikia kwa watu, wanakula, wanalala? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, na jino moja lililobaki ambalo linaniletea jeuri. Anayeniandikia ni Maalim Ngwali wa chuoni hapa. Nimemwapisha asipunguze neno.

Barua yako imefika Jumatatu. Umesema una mimba ya tano, nami nifurahi. Nimefurahi. Kisha nikakaa kizingitini nikahesabu: watoto wanne kwa miaka mitano, na huyu wa tano yuko njiani. Nikaitia barua chini ya mkeka, nikachukua bakora yangu, nikaenda kisimani kuutazama mtapo.

Unaikumbuka ile mitapo mitatu, kwenye pori lisilolimwa juu ya kisima? Mashina kama minazi mifupi, majani kama makuti. Hakuna aliyeipanda; bibi yangu aliikuta hivyo hivyo. Dume moja na majike mawili. Chini ya jike la njiani ndipo nilipozika kondo lako la nyuma, na la mama yako Tamima kabla yako, kama tufanyavyo sisi wa nyumba hii.

Sasa sikiliza. Lile dume halina taabu. Msimu wake ukifika linatoa gunzi kama la muhindi, kubwa kama mkono wa mtu, na gunzi lile linakuwa na moto; ukilishika utadhani umeshika paja la mtoto mwenye homa. Linanuka siku kumi, basi, kazi yake imekwisha. Mvua zikija linavaa majani mapya. (Maalim amekohoa hapa. Nimemwambia, "Andika, Maalim, nawe una wake wawili.")

Jike si hivyo. Jike likizaa, kokwa zinaning'inia kukizunguka kichwa, na kila jani lililokuwa lije limeliwa na kokwa hizo. Mwaka ule halitoi jani. Mwaka wa pili halitoi. Pengine hata wa tatu. Linasimama tu, linajikusanya. Ndiyo maana wakubwa walituusia kuwa mtapo uliozaa haukatwi jani, hata la kupambia harusi, na haudaiwi kitu mpaka uvae upya.

Mwaka aliokufa mama yako, jike la njiani lilizaa mwaka wa pili mfululizo bila kuvaa majani katikati. Watu walishangilia. Nami nilishangilia, Mwatum, na hilo ndilo kosa langu ambalo sijapata kukwambia. Nilivuna zile kokwa, nikazianika, nikaziroweka siku zake zitoke sumu, nikatwanga unga, nikampikia Tamima uji. Naye ana mimba ya tatu kwa miaka mitatu, macho yameingia ndani. Nikamwambia, "Kunywa, mwanangu, tazama mti wako ulivyobarikiwa." Alimzaa ndugu yako Suud siku ya Ijumaa. Jumamosi tukamzika mama yako.

Wiki ile ile mtapo uliangusha majani yake yote ukabaki nguzo. Lakini kokwa zilizokuwa bado juu hazikuanguka. Ziliganda kwenye kichwa kile kikavu zikazidi kunona, mwezi baada ya mwezi. Mti tumeuhesabu maiti, na bado unanyonyesha. Ulikaa hivyo uchi miaka tisa ndipo ukachipua.

Na lile jike la pili, la juu? Mwaka ule wanawake wa Mgogoni walipita na haraka zao wakazichuma kokwa zake zingali changa. Msimu uliofuata lilivaa majani mapya kumi na mawili. Niliyahesabu huku nalia.

Basi Jumatatu nimeukuta mti wako umezaa tena, mwaka wa pili mfululizo. Majani yamebaki matano, manjano tupu. Kokwa zimejaa. Upepo hakuna, migomba yote imetulia, na majani yale matano yanatetemeka. Mimi si mtu wa mizimu, unanijua. Moza, jirani yetu, aliponambia kuwa siku hizi wanawake wakipita pale wanapiga hodi, nilimcheka mpaka akanuna. Nikaweka sikio kwenye shina.

Mlikuwa na pumzi mle ndani. Pumzi ya mwanamke anayesukuma, anaishika, anasukuma tena. Nimezalisha wanawake miaka arobaini, sauti ile siwezi kuikosea. Na ulikuwa mchana, jua la utosini.

Nilirudi nyumbani nikachukua kisu. Nikazikata kokwa zote, changa na pevu, nikazitupa porini. Na wakati wenyewe huu, mchele haushuki bandarini Wesha kwa sababu ya vita, watu wanaona nimeingiwa na wazimu. Mzee Ame akanipigia kelele toka njiani, "Bi Mwanapili! Watu wana njaa, wewe unautia mti utasa?"

Nikamwambia, "Nautia pumzi. Kwani wewe umezaa mara ngapi?" Akashika njia yake.

Utomvu ulitoka mwingi, mzito, vuguvugu mkononi. Kisha pumzi ikanyamaza. Sijui imetulia au imekwisha. Kila siku nakwenda kutazama katikati ya kichwa, kama pana jani changa, maana huja limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mpaka leo hapana.

Huyo wa tumboni ni riziki ya Mungu, aje kwa salama. Lakini kokwa za mti nimeweza kuzikata. Mzigo wako wewe siwezi kuufikia nikiwa huku. Kwa hiyo njoo. Uje ujifungulie mikononi mwangu, kisha ukae. Arobaini haitoshi. Ukae miaka miwili kamili ya kunyonyesha, kama alivyosema Mwenyezi Mungu mwenyewe, na wa tatu wa kuvaa majani. Mwambie mumeo Badar ni mimi niliyesema. Akitaka kununa, aje aninunie usoni. Watoto walete wote. Suud atakupokea Wesha. Nimekwisha mwambia, na tangu hapo kila chombo kikiingia anakwenda kutazama.

Msalimie Badar, hata hivyo, na mama mkwe wako Bi Ghania. Hapa wanakusalimu shangazi yako Maryamu, mjomba wako Duni, na Moza, ambaye hajaacha kuninunia. Mola akuvushe salama, akufungie kila mlango wa shari, akuache uzeeke uwe mkali kuliko mimi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye mpaka nikakugombeza,
Mwanapili binti Ahmada

Na hili ulishike. Ukitoka Chake njia itakupitisha kisimani. Usiuguse mtapo, wala watoto wasiuguse. Simama mbali, piga hodi mara moja. Ukinyamaziwa, njoo taratibu, uji wa muhogo uko jikoni. Ukiitikiwa, na ukiulizwa ni nani, usitaje jina lako. Taja langu, kisha uje nyumbani bila kugeuka.